Bima ya Gari la Des

Waihi, 11 Januari 1998

Baba mpendwa,

Nimenunua gari. Usiruke kitini, malizia chai yako kwanza.

Ni Toyota ya rangi ya haradali, ndefu nyuma kiasi cha kulala mtu mmoja asiyejigeuza sana. Aliyeniuzia ni mama mwenye nyumba ninayokaa, Bi Ngaire Pascoe, mjane wa miaka sabini na moja. Gari lilikuwa la marehemu mumewe, Des. Tangu afe limekaa bandani na kuku wanataga juu ya boneti. Bi Ngaire mwenyewe haendeshi tena, macho yamemchoka. Aliniambia, "Lichukue, binti, kabla kuku hawajajiandikisha kuwa wenye gari."

Kuhusu kujiandikisha, sikiliza maajabu. Nilikwenda posta, pale pale wanapouza stempu. Nikajaza karatasi moja: jina, namba ya pasipoti, anwani. Anwani sina, mimi ni mpita njia wa miezi mitatu. Bi Ngaire akasema niandike yake, wageni wote waliopita kwake wameandika yake. Karani akagonga muhuri, akaniambia safari njema. Nikabaki nimesimama pale dirishani. Nikamuuliza, "Hamtaki kuona karatasi ya bima?" Akasema, "Hiyo si kazi yetu, mpenzi. Nani anafuata?"

Usihofu. Bi Ngaire aliniambia Des alikuwa amelipa bima hadi mwezi wa sita, na karatasi yake iko ndani ya kidroo cha dashibodi. Wewe mwenyewe ulinifundisha wiki yangu ya kwanza ofisini: gari likiuzwa, bima hulifuata gari. Wapo vijana wawili wa Kidenmaki hapa mjini, nao wamenunua gari na hawajui mbele wala nyuma. Nimewapa somo zima juu ya bima hadi mmoja akaomba ruhusa ya kwenda kulala.

Bi Ngaire anakusalimu. Mbele ya geti lake ana kibanda cha maparachichi kisicho na muuzaji. Unachukua mfuko wako, unatumbukiza pesa koponi, unakwenda zako. Nilimuuliza, wakiiba je? Akasema, "Miaka kumi na tisa, halijapungua hata senti. Likizidi ndiyo hunitia wasiwasi." Na mti umejaa, anasema utatoa hadi mwezi wa nne.

Chai yake tu ndiyo inanishinda, anatanguliza maziwa. Nilimweleza kwamba kwetu mgeni hunywa vikombe vitatu, na akitaka asimiminiwe tena huweka kijiko ndani ya kikombe. Akacheka hadi akakohoa. Sasa kila nikishika kijiko ananiuliza, "Ndiyo umenichoka?"

Kesho kutwa naelekea kusini. Niandikie posta ya Nelson.

Wako,
Wiebke


Jemgum, 22 Januari 1998

Mwanangu Wiebke,

Barua yako imefika pamoja na picha yako kando ya gari. Picha nimeiweka dirishani mwa ofisi, kati ya kalenda na kipimahewa, gari likionekana vizuri. Anayeingia hana budi kuiona, na asiyeiona namwonyesha.

Hinrich Poppinga alikuja kukatia bima trekta lake. Nikamwambia: binti yangu amefika upande wa pili wa dunia, na neno la kwanza alilotamka posta ni bima. Akasema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Ametoka bila kubishana juu ya bei, jambo ambalo halijatokea tangu baba yake alipokuwa hai.

Shangazi yako Gesche anauliza kama unakula. Mimi siulizi, nakujua.

Jambo moja dogo. Kanuni niliyokufundisha ni ya sheria ya kwetu. Ya huko siijui. Ukipata nafasi, uliza mtu.

Babako,
Onno Harms


Takaka, 29 Januari 1998

Bi Ngaire mpendwa,

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevimba. Mimi ni mzima. Gari la Des ni zima pia, isipokuwa taa moja ya nyuma.

Ilikuwa njia nyembamba ya kokoto. Lori la maziwa lilinijia mbele, nikarudi nyuma kulipisha, na nyuma yangu alikuwa ameegesha mfuga nyuki na pikapu yake, mizinga imepangwa chini hadi juu. Mingine ilianguka na kupasuka. Nyuki hawakusubiri maelezo. Yeye mwenyewe, Bwana Murray Tasker, alinitoa pale mbio akanimwagia maji ya chupa yake ya kunywa. Mlango wa pikapu umeingia ndani na mizinga yake mingi imeharibika, msimu wake wote ulikuwa mle. Nilidhani atanipigia kelele. Alivua kofia tu akasema, "Basi, ndiyo imeshakuwa."

Nikamwambia kifua mbele: usihofu, bwana, nina bima, na mimi ni mtoto wa wakala wa bima. Nikatoa ile karatasi ya Des kwenye kidroo. Akanakili namba, na jina lako, kwa kuwa ndilo lililokuwa limeandikwa chini ya la Des. Kwa hiyo huenda kampuni ikakuletea fomu. Nitumie tu posta ya Nelson, nitazijaza. Najua kuzijaza nikiwa nimefumba macho.

Ningekupigia simu lakini najua husikii simuni, unajibu "ndiyo" kwa kila kitu.

Wako,
Wiebke


Waihi, 6 Februari 1998

We Wiebke,

Umeumwa na nyuki wangapi? Paka siki. Usipake asali, hao watu wa kusini watakwambia upake asali kwa sababu wanaiuza.

Hayo mengine yamekwisha. Alikuja kijana wa kampuni, Craig, mtoto wa Shona wa buchani. Nilimfundisha kuogelea huyo, alikuwa anaogopa maji kama paka. Amekunywa chai, nimeweka sahihi, basi. Mfuga nyuki wako atalipwa. Hakuna fomu za kukutumia. Usimwandikie mtu yeyote juu ya jambo hili, kuandikiana kunawachanganya.

Taa ya nyuma itengeneze kabla polisi hawajaiona. Na ule.

Habari za hapa hakuna. Maparachichi yameisha mapema mwaka huu, nimekiondoa kibanda. Kuku wanauliza gari lao.

Ngaire


Nelson, 14 Februari 1998

Baba mpendwa,

Barua yako nimeikuta hapa, na ile nukta yako ndogo ya mwisho imenichekesha, kwa sababu imejibiwa kabla sijaisoma.

Nilipata ajali kidogo na mfuga nyuki. Hakuna aliyeumia, nyuki tu ndio waliokufa, na mimi nina mkono kama mkate wa chachu. Nilimpa karatasi ya bima ya gari, na kampuni imekubali kumlipa. Bi Ngaire ameandika kwamba ni kikombe kimoja cha chai na sahihi moja. Kwetu ingekuwa miezi miwili na barua sita. Unaona, hata huku bima hulifuata gari. Mwambie Hinrich.

Nimekutana tena na wale Wadenmaki. Niliwasimulia. Mmoja ameamua kwenda kukata bima, kwa hiyo nimekutafutia mteja ambaye hutampata kamwe.

Wako,
Wiebke


Jemgum, 24 Februari 1998

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara naishia kwenye sahihi. Sahihi ya nani?

Miaka thelathini nimeshughulikia ajali. Sijaona hata moja iliyolipwa bila dereva mwenyewe kueleza kwa mkono wake. Wewe ndiwe dereva. Wewe ndiwe mwenye gari. Hakuna aliyekuuliza neno.

Nilimpigia simu mtu ninayemjua Hamburg, kazi yake ni bima za nchi za nje. Alinijibu bila hata kufungua kitabu. Huko, bima ni ya mtu. Ilikuwa ya Des na mkewe. Siku mkewe alipokuuzia gari, ilikufa, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu kukata nyingine. Ndiyo maana karani hakukuuliza. Tangu mwezi wa kwanza, Wiebke, umekuwa ukiendesha bila bima yoyote, binti yangu mimi.

Hukudanganya. Ulijua sana, na ulichokijua ni cha Jemgum. Na kosa hilo asingelifanya mtu mwingine ila mtoto wa ofisi yangu, hilo nalisema kwa uchungu.

Lakini kampuni haitoi pesa kwa bima iliyokufa ila iwe imeambiwa iko hai. Muulize mama yule swali moja: sahihi yako umeiweka chini ya maneno gani?

Babako,
Onno Harms


Nelson, 6 Machi 1998

Bi Ngaire mpendwa,

Baba ameniandikia. Anasema bima ya Des ilikufa siku uliponiuzia gari. Mimi nilidhani inanifuata. Sikukuuliza, kwa sababu nilidhani najua. Nina aibu hata kuandika hivyo.

Naomba uniambie ukweli. Uliweka sahihi chini ya maneno gani?

Wiebke


Waihi, 11 Machi 1998

Wiebke,

Babako ana pua ndefu, imenusa hadi huku. Sisemi kwa ubaya.

Niliweka sahihi chini ya maneno haya: kwamba gari ni langu, na nilimwazima mgeni wangu aende kutembea. Ndivyo nilivyoandika.

Nilipoisoma barua yako ya kwanza, ile ya mkono wa kushoto, nilielewa palepale kwamba hukuwa na bima na hukujua. Ulikuwa unajivuna nayo, mtoto, kila mlo bima, hadi nikaipenda. Nikamfikiria yule mtu wa nyuki. Nikakufikiria wewe unarudi kwa babako na habari hiyo. Nikafikiria Des alilipa miaka yote hiyo na hatukuwahi kuwadai hata kioo. Ukitaka kufanya jambo baya, sababu zinakuja zenyewe, huna haja ya kuziita.

Craig aliuliza, "Gari bado ni lako, Bi Ngaire?" Nikasema, "La nani tena?" Akaandika. Hakuangalia popote. Angeangaliaje, mimi ndiye niliyemshika kidevu asizame.

Basi alipotoka akasimama pale kibandani. Akachukua mifuko miwili, akatumbukiza pesa sarafu moja moja, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Nililisikia kopo. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona, wala siku ile nilipoanguka kanisani sketi ikanivuka. Siku hiyohiyo nikakiondoa kibanda. Watu wananiuliza, nasema mti umechoka. Mti umejaa. Yanaanguka chini nayafukia.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia getini kwangu.

Nakuomba kitu kimoja tu. Kaa kimya hadi uje. Najua utapita hapa kabla ya ndege yako. Tutakaa jikoni, na nadhani nitakwenda kwa Craig mwenyewe. Nataka niende kwa miguu yangu. Nipe siku hizo.

Ngaire


Nelson, 17 Machi 1998

Baba mpendwa,

Nimemaliza. Leo nimekwenda tawi la kampuni hapa Nelson na kuwaambia yote: kwamba gari ni langu tangu Januari, kwamba Bi Ngaire aliandika lingine, na kwa nini. Mama mmoja mwenye miwani alipokea maelezo yangu. Akanipa biskuti. Alisema, wageni wangapi wangerudi kusema, wangepanda ndege tu. Halafu akaniuzia bima yangu mwenyewe kwa siku zilizobaki. Alitaka pasipoti na tarehe ya kuondoka, basi, ni rahisi hivyo. Ningeweza kufanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Bi Ngaire aliniomba ningoje. Nilijaribu. Lakini kila nilipowasha gari nilijiona mwizi, na kungoja kuliniwia sawa na kuficha. Wewe ungefanya hivihivi. Nimemwandikia kumweleza, ataelewa, ni mtu mwema kuliko wote niliokutana nao huku.

Tangu barua yako ya Februari, leo ndiyo nimepata usingizi.

Wako,
Wiebke


Waihi, 25 Machi 1998

Kwa Bi Wiebke Harms,

Craig alikuja tena. Safari hii hakunywa chai. Alisimama mlangoni na kofia mkononi akaniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli. Alikuwa mwekundu kuliko mimi. Yeye pia wamemkaripia, kwa kuniamini.

Wanataka pesa yao. Hiyo ni haki. Wamenifutia bima ya nyumba, na hiyo nayo ni haki yao. Nimepiga hodi kwa kampuni nyingine mbili. Wote wana swali moja kwenye fomu: je, umewahi kufutiwa bima? Sasa najibu ukweli, na wananishukuru na kunifungia mlango. Nyumba ni ya mbao, kama unavyoijua. Upepo ukivuma nalala na viatu miguuni.

Kwenye klabu yetu ya kuogelea nilikuwa mweka hazina. Funguo nimezirudisha kabla hawajaniomba. Hawakuniomba. Walizipokea.

Nilidanganya, na aibu hiyo ni yangu, sikutwishi. Lakini nilikuomba siku chache, Wiebke. Nilikuambia nataka kwenda kwa miguu yangu. Ulitaka kujivua aibu yako, na ukanivika mimi, tena kwa watu nisiowajua, huku unakula biskuti. Uliniandikia kuhusu biskuti.

Sasa hakuna atakayejua kwamba ningekwenda. Hata mimi sitajua.

Usipite hapa.

N. Pascoe


Jemgum, 26 Machi 1998

Wiebke,

Hapana. Nisingefanya hivyo.

Ulikuwa na kosa lako: kuendesha bila bima, na kumpa mtu karatasi isiyo yako. Hilo ungeweza kulipeleka popote, saa yoyote. Uongo ulikuwa wa mama yule. Uliuchukua ukaenda kuuungama wewe, yeye hayupo, na amekuomba usubiri. Ukweli ni ukweli, sisemi vingine. Lakini ulikuwa na gari. Barabara ilikuwapo. Ungemfuata, mkaketi, mkaenda pamoja. Hata mimi, mtu wa fomu, najua kwamba maelezo ya watu wawili hayachukuliwi kwa mmoja.

Nimejiuliza ulijifunza wapi. Nadhani kwangu. Umekulia ofisini, umeniona nikifunga faili na kusema "imekwisha", tukaenda kula. Sikukuonyesha kwamba faili likifungwa kuna mtu nyumbani kwake.

Picha yako nimeitoa dirishani. Hinrich aliuliza. Nikamwambia jua linaichubua. Hapa hatujaona jua tangu Oktoba. Akanitazama, akakubali, akaondoka. Kwa hiyo nami nimedanganya, kwa ajili yako, kama yule mama, na sasa najua jambo hilo lilivyo jepesi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nenda kwake hata hivyo.

Babako


Barua iliyoachwa bandani, juu ya boneti
Waihi, 8 Aprili 1998

Bi Ngaire,

Uliniambia nisipite. Nimepita asubuhi, ulipokuwa dukani. Nilikuona ukitoka, nikasubiri nyuma ya ua wa jirani kama mwizi. Sikugonga mlango kwa sababu ningegonga ungelazimika kunijibu, na nimeshakulazimisha vya kutosha.

Gari nimelirudisha. Posta wamegonga muhuri, ni lako tena. Ile bima yangu ya Nelson imekufa palepale muhuri ulipogongwa. Sasa najua. Craig ana mtu wa kulinunua ukitaka, hela iende kwa kampuni. Kinachobaki nimekubaliana nao nitalipa mimi, na karatasi iko kwa jina langu peke yangu.

Nilikwenda kwa Craig jana. Nilimwambia jambo ambalo kule Nelson sikulisema: kwamba uliniomba ningoje ili uende mwenyewe. Nikamwomba aliandike. Alipekua fomu yote, mbele na nyuma. Akasema, "Hakuna mahali pa kuandika hilo." Nikamwambia aandike pembeni. Akasema pembeni hawasomi. Kisha akasema atamwambia mama yake buchani, na kwamba hilo litafika mbali kuliko fomu. Sijui kama amemwambia.

Kuhusu biskuti. Nimeisoma ile sentensi yako hadi siwezi kuiona biskuti. Nilikuwa na furaha, Bi Ngaire. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa, kuliko bima, kuliko nyuki. Nilitoka pale nikiwa nafurahi, na wewe ulikuwa hapa unafukia maparachichi. Ulinifunika nisiaibike, nami nikakufunua ili nionekane msafi.

Baba ameitoa picha yangu dirishani. Sikumlaumu.

Niko kambini pale Athenree, kwenye hema, hadi basi la Jumamosi. Siandiki hivi ili uje. Naandika ili usiniogope ukiniona njiani.

Kuku mmoja ameshapanda juu ya boneti. Nimemwacha.

Wiebke


Imeachwa kwa mlinzi wa kambi ya Athenree
Ijumaa

Wiebke,

Shona amenisimamisha leo mbele ya watu wote, kisu cha nyama mkononi, akasema, "Kumbe ungekwenda mwenyewe." Nikamwambia, "Nilisema ningekwenda. Kusema si kwenda." Akanifungia soseji, akakataa hela. Sikujua niweke wapi uso wangu. Nikazichukua.

Kibanda nimekirudisha nje na maparachichi ya mwisho mwisho ya mtini, pamoja na kopo. Jioni nimehesabu, mfuko mmoja umekwenda bure. Mara ya kwanza. Nilikuwa dirishani, namjua aliyeuchukua, ni mtu wa kanisani kwetu, na alinitazama usoni akiuchukua. Sitamtaja. Nadhani anaona ni zamu yangu kuibiwa. Kesho nitakitoa tena kibanda nje, na kesho kutwa.

Bima ya nyumba bado. Upepo bado.

Nilisema usipite, ukapita, ukajificha nyuma ya ua wa Bwana Beattie. Alikuona. Mtaa mzima ulikuona, una miguu mirefu. Huna ufundi wa kujificha, na mimi sina ufundi wa kudanganya, laiti tungeyajua haya tangu mwezi wa kwanza.

Sisemi nimekusamehe. Sijui kama nimekusamehe, na safari hii sitaki kutia sahihi kitu nisichokijua. Basi lako ni la saa nne. Mlango wa nyuma haufungwi, unajua. Njoo asubuhi, tuketi, unitazame na mimi nikutazame, hata kama hatutasema kitu.

Chai itakuwa ya kwenu, maziwa mwisho, vikombe vitatu. Kijiko chako nimekificha.

Ngaire